Nyingine

Kutoka Ibra mpaka hospitali ya Maskati ni saa mbili,
na bibi hasemi kitu mpaka Bidbid.
Bidbid anasema, "Wamebisha tena jana."
Mimi naongeza sauti ya redio. Mungu anisamehe.

Fomu ina visanduku vya lugha:
Kiarabu, Kiingereza, Kihindi, Kiurdu, Kibaluchi,
na cha mwisho, kimebanwa na ukingo wa karatasi: Nyingine.
Mara mbili nimetia alama kwenye Kiarabu,
kwa kuwa Bi Shinuna binti Khalfan ana pasi ya Oman,
na kanga iliyo chini ya abaya hapana anayeiuliza,
na Kiarabu alikuwa nacho, cha sokoni na cha sala,
kabla hakijaanza kumtoka, neno kwa neno,
kama mchele kwenye gunia lililotoboka.
Kilichobaki ni kile cha kwanza.

Daktari ni mpole, mtu wa Aleksandria,
kalamu yake haina haraka.
Ananiuliza mimi, "Anahisi nini?"
Namuuliza bibi. Bibi anasema:
"Mwambie nafsi yangu imenisusa.
Imefunga vitu vyake imekwenda kwao,
nami sina mshenga wa kumtuma akairudishe."
Nasema, "Amechoka."

"Mwambie na moyo mzito."
Nikasema moyo. Wakampeleka kupimwa moyo,
waya kumi kifuani, karatasi yenye milima midogo,
na moyo, wakasema, mzima.

"Je, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?"

Kiswahili changu ni cha jikoni.
Najua kuna nazi, funika chungu, we mtoto huna adabu.
Sikupewa maneno ya mlango uliobishwa usiku wa Januari,
na baba aliyekwenda kufungua
na kandambili mguu mmoja.
"Anasema hapana," nikasema.
Bibi akanitazama. Kiarabu kimemtoka,
lakini la, la kukana, analijua.

Ni Ghaniya wa chumba cha damu aliyemsikia.
Alikuwa anatafuta mshipa, bibi akaitukana sindano
tusi ambalo Ghaniya hajalisikia tangu mama yake afe.
Akacheka mpaka akaiweka sindano chini.
"Shikamoo, bibi. Wa wapi wewe?"
"Marahaba. Kwanza wewe mtoto wa nani?"

Wakafuatana kwa majina, ami, shangazi,
nyumba yenye ngazi ya nje,
nani kamzaa nani, nani kazikwa wapi,
nani hakuzikwa.
Kazi yake si hii. Alikuwa na dakika ishirini za chai.
Akamwambia daktari, nitakaa nanyi.
Kisha akanigeukia: "Wewe, toka."

Nikatoka. Miaka miwili nimekuwa mdomo wa bibi,
sikujua mdomo unaweza kuchoka hivyo.
Ukumbini, chini ya kiyoyozi, sauti yake ilinijia,
ndefu, ikipanda, ikishuka, sikushika neno
ila "mlango", mara tatu. Mara ya nne akalia,
na hapana aliyemwambia basi, nyamaza.

Dawa wamempunguzia moja. Nyingine ziko palepale.
Sisemi amepona. Jana usiku wamebisha.
Na Jumanne ijayo Ghaniya yuko zamu ya usiku,
labda Jumanne ya pili, kama msimamizi atakubali
kumkopesha mtu wa damu kwa watu wa roho.

Dirishani wakanipa fomu mpya.
Nikatia alama kwenye Nyingine,
nikaandika pembeni: Kiswahili.
Bibi akavaa miwani, akasoma herufi moja moja,
akanishika mkono wa kalamu.
"Si hicho cha redio," akasema. "Andika Kiunguja.
Tena andika vizuri,
wasije wakaniletea mtu wa kunifundisha."